Shuka Kalemela

Mkoa wa Simiyu una mwambao wa Ziwa Victoria. Naanza na taarifa hiyo kwa sababu wapo watu wengi, wengine wamezaliwa Maswa na Meatu, wanaoshangaa kuisikia. Vichwani mwetu Simiyu ni pamba, ng'ombe, vumbi la kiangazi na udongo mweusi wa mbuga unaonasa magari masika yakianza. Ziwa tumewaachia Mwanza, Mara, Geita na Kagera. Lakini mkoa huu ulipoanzishwa mwaka 2012 haukukatwa kutoka Shinyanga peke yake. Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga, Itilima ikazaliwa kutoka Bariadi, na kwa upande wa Mwanza ikamegwa sehemu ya Magu ikawa wilaya ya Busega. Busega ndiyo iliyokuja na ziwa. Kata ya Kalemela imo humo, kando ya Ghuba ya Speke, jirani na kipande kile cha barabara ya Mwanza–Musoma ambacho mabasi hukipita mbio, mapazia yamefungwa kuzuia jua na filamu ya mapigano ikinguruma juu ya kichwa cha dereva.

Muulize abiria yeyote ndani ya basi hilo kuna nini kati ya Magu na Lamadi. Atakwambia hakuna kitu. Hajawahi kushuka hapo, wala hamjui aliyeshuka, ila ana hakika. Mbane kidogo utasikia sehemu ya pili ya imani yake: kutembea kwa ajili ya kuona ni shughuli ya mwenye fedha. Kutalii ni Serengeti kwa gari la kukodi au Zanzibar kwa wiki nzima, na asiye na uwezo huo atulie, afanye kazi, asubiri. Akizipata ataenda. Asipozipata, hakuandikiwa. Maneno haya nimeyasikia kwa walimu, kwa makondakta, kwa watumishi wa halmashauri na kwa vijana wa vyuo vya Mwanza wenye miguu mizima na likizo ndefu. Nayapinga yote, na sina nia ya kuyapinga kwa upole, maana yanatunyima nchi yetu wenyewe.

Tuangalie yanakotoka. Kila mwaka tunatangaziwa idadi ya wageni walioingia nchini. Mwaka 2024 watalii kutoka nje walivuka milioni 2, na hiyo ni habari njema kwa dereva wa Arusha, kwa mpishi wa Paje na kwa hazina ya taifa. Ubaya ulianza pale tulipoazima macho yao. Mgeni aliyelipa nauli ya ndege kutoka Frankfurt ana siku chache na orodha fupi: mlima, tembo, bonde la Ngorongoro, fukwe za Unguja, kisha kwao. Hana kosa. Sisi tunaoishi hapa tangu kuzaliwa ndio tuliochukua orodha yake tukaifanya ramani yetu. Pasipo na geti, kibanda cha kukatia tiketi na kipeperushi, tunasema hapana kitu. Kijana wa Nyamagana, Mwanza, huweka akiba mwaka mzima, pengine hukopa kwenye kikoba, akapige picha Nungwi, Zanzibar, kwa siku mbili, ilhali ziwa analoliona kila asubuhi akielekea kazini hajawahi kulifuata zaidi ya Igombe. Nauli ya basi kutoka Mwanza hadi Busega haifikii bei ya chakula cha jioni katika hoteli moja ya ufukweni kule Nungwi.

Wengine huniambia kwamba kutembea na begi mgongoni, kulala gesti za bei nafuu na kuuliza njia ni mambo ya Wazungu. Hili linaniudhi kuliko yote kwa sababu historia inalikataa waziwazi. Katika karne ya 19 kijana wa Kinyamwezi hakuhesabiwa mwanamume kamili mpaka awe amekwenda pwani ya bahari na kurudi, na jirani zake Wasukuma waliingia katika njia hiyo hiyo. Walikwenda kwa miguu, mizigo mabegani, na wengi waliugua au kufa njiani, kwa hiyo sitaki kuzipamba safari zile. Lakini waliorudi walirudi na habari, nyimbo na maneno mapya, na wazee waliwasikiliza. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha huko Göttingen kitabu *Safari za Wasuaheli*, masimulizi ya Waswahili wenyewe kuhusu walikotembea. Mmoja wao, Selim bin Abakari, alisimulia safari yake ya Urusi mpaka Siberia. Hiyo ni miaka mia moja na zaidi iliyopita, kwa Kiswahili.

Na kwenye mwambao huu huu upo ushahidi mwingine. Tarehe 27 Februari 1875 msafara wa Henry Morton Stanley ulifika Kageye, kijiji ambacho sasa kiko wilaya ya Magu. Ulikuwa umeondoka Bagamoyo Novemba ya mwaka uliotangulia. Stanley alikuja na mashua iitwayo Lady Alice, nayo ilifika ziwani vipande vipande, imebebwa mabegani na wapagazi wa Zanzibar na bara. Wachache kati yao ndio waliopanda naye wakapiga makasia kulizunguka ziwa zima. Vitabu vimeandikwa kuhusu Stanley. Ghuba yenyewe inaitwa kwa jina la John Hanning Speke, aliyelitazama ziwa kwa siku chache tu mwaka 1858 akiwa upande wa Mwanza, akageuza. Waliobeba, waliopiga makasia, waliojua pa kuchota maji na pa kununua chakula walikuwa watu wetu. Leo kijukuu wa watu hao anaambiwa na mjomba wake kwamba kutembea si jadi yake.

Sasa hicho kinachoitwa hakuna kitu ni nini? Shuka barabara kuu, chukua bodaboda au tembea kwa miguu kuelekea kaskazini, na mashamba ya pamba na mpunga yatakupisha mpaka kwenye matete. Fika mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, kabla jua halijatoka. Kama ni siku za giza, yaani mwezi haupo angani, utaikuta mitumbwi ya dagaa inarudi, taa zake bado zinawaka. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Dagaa huifuata taa usiku, ndiyo maana mbalamwezi ikishika, kazi hupungua, wavuvi wakashona nyavu na wengine wakaenda makwao. Maisha ya mwalo mzima, kuanzia mkopo wa mama lishe mpaka siku ya kulipa ada ya shule, yanafuata mwezi. Nimewahi kukaa na wahasibu waliosomea kupanga matumizi ya fedha. Sijakuta mpango ulioshikwa kwa nidhamu kama ule wa mwanamke anayenunua dagaa kwa ndoo siku za giza akijua giza limebakiza siku ngapi.

Kazi kubwa inafanywa na wanawake. Wao hununua, huanika, hugeuza, huokota mchanga, huvizia mvua. Dagaa walioanikwa juu ya chanja hutoka safi na hupata bei. Walioanikwa chini hubeba mchanga, na mvua ya ghafla huwaozesha wote wakageuka chakula cha kuku. Kutoka hapo magunia hupanda magari kwenda soko la Kirumba Mwaloni, Mwanza, ambako wanunuzi hutoka mpaka Kongo. Mtu aliyekaa nusu siku tu mahali hapo anaondoka akijua kwa nini bei ya kisado cha dagaa hupanda masika, jambo ambalo wengi wetu tumelilalamikia maisha yetu yote bila kulijua.

Kaa zaidi, uone sangara akipasuliwa. Samaki huyu hakuwa wa ziwa hili. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960, akaenea, akawala furu, samaki wadogo wa asili wa hapa. Ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, nyingi zisizopatikana popote pengine duniani, na aina nyingi mno zimetoweka katika umri wa wazee ambao bado wako hai na wanakumbuka sura zake. Muulize mzee mmoja wa pale furu walikuwa wa namna gani, atakuhesabia kwa rangi. Kisha tazama kinachotolewa tumboni mwa sangara kwa uangalifu kuliko minofu yake: bondo, yaani mfuko wake wa hewa. Kilo ya mabondo yaliyokauka huuzwa kwa bei inayoizidi mara nyingi ile ya nyama ya samaki yule yule, na safari yake huishia China. Hapo umesimama kwenye matope ya Busega na biashara ya dunia inapita mbele ya macho yako, bila kiingilio.

Nitaeleza kwa nini hili si jambo dogo. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mtengeneza filamu kutoka Austria, alitoa filamu *Darwin's Nightmare* kuhusu sangara, viwanda vya minofu na ndege za mizigo za Mwanza. Dunia nzima iliitazama, ikafika hadi kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani, akisema inaichafua nchi, na malumbano yakawa makali. Mimi sikubaliani na mengi yaliyomo katika filamu ile. Lakini huwauliza wanaoilaani: ninyi mlikuwa wapi? Mtu alitoka Ulaya, akakaa mialoni, akaongea na walinzi wa usiku, na marubani, na watoto wa mitaani. Sisi tulikuwa ndani ya basi, tunapita. Ziwa ambalo wenyewe hawalitazami litasimuliwa na atakayekuja kulitazama, kwa namna atakayotaka yeye, na kelele za baada ya hapo hazifuti picha moja.

Tena nasema hivi, na najua nitapingwa: kwa kazi hii ya kutazama, mwenye fedha kidogo ana nafasi nzuri kuliko mwenye nazo nyingi. Mwenye nazo huchukuliwa kwenye gari lenye vioo vilivyopandishwa, hushushwa mlangoni mwa hoteli, huletewa chakula, hupangiwa pa kutazama na saa ya kutazama. Mwenye elfu chache hana budi kuuliza. Anauliza gari la Lamadi linapita saa ngapi, anauliza wapi pa kula, anakaa kwenye benchi la mama ntilie saa nzima kwa sababu mchomoko, gari dogo la abiria, haujajaa, na katika saa hiyo husikia kesi ya mpaka wa shamba, habari za tembo waliovamia mahindi, sifa na lawama za mbunge, na bei ya mbegu za pamba. Kilichomlazimisha kusikiliza ni mfuko wake. Hakuna wakala wa utalii anayeuza saa ile.

Wala simwambii mtu akae Kalemela mwezi mzima. Namwonyesha njia inayozunguka ghuba, ambayo mtu wa kawaida anaimudu kwa siku nne au tano, na ambayo nashangaa haijulikani kama inavyostahili. Unatoka stendi ya Nyamhongolo, Mwanza. Kituo cha kwanza ni Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, yaliyoanzishwa na padri David Clement. Ukifika wakati wa Bulabo, sherehe inayofuatana na sikukuu ya Ekaristi, utawakuta Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma, wakishindana kucheza mbele ya umati, mashindano yaliyoanza kabla Mjerumani wa kwanza hajakanyaga Usukuma. Kutoka hapo ni Magu, kisha Busega. Nassa, katika wilaya hiyo hiyo, ndipo wamisionari wa Kiingereza walipojenga kituo mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1909 Africa Inland Mission wakakichukua; kanisa la AIC lililoenea Tanzania nzima lilianzia kwenye mwambao huu. Waumini wake wako maelfu kwa maelfu na sidhani wengi wao wanajua kwamba wanaweza kwenda kupaona kwa nauli ya basi.

Ukishatoka Kalemela, Lamadi iko mbele, mji uliochangamka kwenye njia panda, mkono mmoja wa barabara ukielekea Bariadi kwa lami. Mbele kidogo ni geti la Ndabaka, ambapo Serengeti inagusa barabara kuu. Mei na Juni nyumbu husogea ukanda huu wa magharibi, na si ajabu kuona wanyama ukiwa bado uko nje ya geti. Ukitaka kuingia, Mtanzania hulipa kwa shilingi, sehemu ndogo sana ya kile anacholipa mgeni kwa dola. Gharama iko kwenye gari, kwa hiyo watu wanne au watano wakichangia, imani kwamba Serengeti ni ya matajiri inapungua nguvu. Hapo hapo jirani, upande wa Bunda, iko kata ya Nyatwali, ambayo serikali iliamua kuwahamisha wakazi wake kwa fidia ili wanyama wa Serengeti wapate njia ya kufika ziwani. Mtu mwenye maoni juu ya uhifadhi, awe anatetea au anapinga, na afike pale kabla hajazungumza tena.

Bunda unageuka kushoto kwenda Kisorya, unavuka kwa kivuko hadi Rugezi, unaingia Ukerewe. Kisiwa hiki kilimzaa Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akakaa nayo miongo mitatu na nusu, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* ikachapishwa mwaka 1980. Alifariki mwaka uliofuata. Tunawafundisha watoto wetu kwamba fasihi ya Kiswahili ni ya pwani ya bahari, na huku mmoja wa waandishi wakubwa wa riwaya katika bara hili aliishi Kagunguli, kwenye kisiwa kinachoonekana kwa macho kutoka vilima vya ng'ambo. Kutoka Nansio, bandari ya kisiwa, meli inakurudisha Mwanza. Umeizunguka ghuba.

Mapingamizi yapo, na siyadharau. La kwanza ni maji. Ziwa Victoria si la kuchezea. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, hatua chache kabla ya kutia nanga kisiwa cha Ukara, zaidi ya watu 220 wakafa kwa sababu chombo kilijazwa kupita uwezo wake. Atakayeifuata njia niliyoieleza asipande chombo kilichojaa hata kama ni cha mwisho siku hiyo. Alale. Gesti ni nafuu kuliko mazishi. Asikubali kupewa mtumbwi usio na maboya ya kuvaa, na wavuvi wakimwambia upepo wa leo si mzuri, asibishane nao.

Kuna kichocho pia. Minyoo yake hukua ndani ya konokono wanaopenda maji yaliyotulia yenye majani, na huingia mwilini kupitia ngozi kwa kukanyaga tu hapo. Kando ya ziwa hili maambukizi ni mengi. Kwa hiyo mtu asijitose kuogelea kwenye matete kwa kuwa picha itapendeza, na akiingia majini, basi baada ya wiki kadhaa aende kituo cha afya akapime. Dawa yake, praziquantel, ipo na inatibu. Mamba na viboko nao wapo. Lakini haya ni mambo ambayo mtoto wa Busega anaishi nayo kila siku akienda kuchota maji, na wanaoyataja kama sababu ya kutokwenda huwa hawayataji kama sababu ya kumpelekea mtoto yule bomba. Hatari ikiwa ya mpita njia tunaiita hatari, ikiwa ya mwenyeji tunaiita mazingira. Sikubali.

Pingamizi zito kuliko hayo ni lile la mgeni kushukiwa. Agosti 2024 wananchi wa Lamadi waliifunga barabara kuu kwa hasira, wakidai watoto wanapotea na hawasikilizwi. Mahali penye machungu ya namna hiyo, mtu asiyejulikana anayezunguka na begi kubwa na kupiga picha watoto anajitafutia matatizo, na wenyeji wana haki ya kumuuliza. Nasema wana haki. Kwa hiyo kitu cha kwanza unapofika kijijini, kabla ya chakula na kabla ya picha, ni ofisi ya mtendaji au nyumba ya mwenyekiti. Toa kitambulisho, sema umetoka wapi, unalala wapi, unaondoka lini. Mwaloni kuna uongozi wa wavuvi, nao wasalimie. Asubuhi sema mwangaluka, mchana mwadila, na mzee mpe shikamoo yake. Mzee uliyemsalimia vizuri atakuwa mdhamini wako mpaka jioni. Picha ya mtoto usipige bila ruhusa ya mzazi wake, nukta.

Dada wengi wameniuliza kama njia hii ni yao pia. Ni yao. Ningependa kuwaambia hakuna tofauti, ila ipo: afadhali kwenda wawili au watatu, kufika kabla ya magharibi, kuchagua gesti iliyo barabarani yenye mlango unaofungwa kwa ndani, na kuanza mazungumzo na wanawake wa kwenye chanja kabla ya wanaume wa kwenye mitumbwi. Waliofanya hivyo wamenisimulia mambo ambayo mimi mwanamume sitaambiwa kamwe: nani anamiliki mtumbwi kwa siri, nani anamkopesha nani, na kwa masharti gani ya kudhalilisha.

Na hapa nigeukie kosa la upande wangu, la sisi tunaosifia safari za gharama ndogo. Umezuka mtindo wa vijana, wa kwetu na wa nje, kujivunia kwamba wametembea mikoa mitano bila kutumia fedha. Wamelala kwa watu bure, wamekula bure, wamepandishwa malori bure. Sioni cha kujivunia. Ukarimu wa Msukuma hauna mwisho, atakuchinjia kuku huku watoto wake wakila michembe, na hatakuambia. Kwa sababu hatakuambia, ni wajibu wako kujua. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nasema msafiri mwenye adabu alichukue jembe siku ya kwanza. Lala gesti, ulipe. Kula kwa mama ntilie, ulipe bei ile ile wanayolipa wengine bila kubembeleza. Ukialikwa nyumbani, nenda na sukari, mchele na sabuni. Gharama ndogo maana yake ni kuishi kwa kiwango cha mahali ulipo. Kuishi kwa jasho la mahali ulipo ni jambo jingine.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema wasafiri wa namna hii hawaingizi kitu. Fedha ya kifurushi cha kifahari hulipwa Arusha, Nairobi au London, na kijiji kinachopitwa hupata vumbi. Elfu ishirini ya mwanafunzi inayotumika Kalemela kwa chakula, bodaboda, chumba na dagaa wa kupeleka nyumbani, yote inabaki mikononi mwa watu wanne ambao watainunulia daftari na mafuta ya kupikia siku hiyo hiyo. Wapate wanafunzi kumi kila wiki, mtu mmoja ataongeza chumba cha gesti. Sijui mpango wa maendeleo ulio rahisi kuliko huo.

Kwa hiyo nina madai, na nayaelekeza kwa wenye mamlaka. Halmashauri ya Busega iweke vibao barabarani vinavyoonyesha njia za kwenda ziwani, na umbali wake. Ofisi za vijiji vya mwambao zitenge eneo la kupiga hema karibu na ofisi, kwa ada ndogo yenye risiti, na daftari la kuandikisha wageni liwe na kalamu. TEMESA, wakala wa serikali wa vivuko, na kampuni ya meli ya serikali wabandike ratiba za vivuko na meli za ghuba katika stendi za Nyamhongolo, Lamadi na Bunda, kwa herufi zinazosomeka, na zibadilishwe zikibadilika. Vyuo vya Mwanza vinavyofundisha historia, uvuvi na utalii vipeleke wanafunzi Busega kwa mabasi ya abiria, na taarifa zao zisomwe kijijini zilikoandikwa. Likizo ndefu inaanza Julai, barabara za mwambao zikiwa kavu na dagaa wakikauka vizuri kwenye chanja. Vibao viwe vimesimama kufikia wakati huo.